Mkono Unaojua Kungoja

Tangi la petroli hushushwa nchi kavu kabla abiria hajakanyaga boti. Hilo ndilo jambo la kwanza nahodha mzuri analolifanya asubuhi, na ni wachache wanaolitazama. Anachomoa mpira wa mafuta, analibeba tangi hadi ufukweni, analiweka juu ya udongo, kisha anasimama kidogo kutazama upepo unakotoka. Bado hajagusa injini wala mkono wa usukani. Lakini kazi ya kuendesha boti imeshaanza, na anayeifahamu kazi hiyo anaweza kukisia hapo hapo safari itakuwaje.

Maziwa ya huku kwetu, kusini magharibi mwa Uganda, ni madogo. Mto Rwizi unapita Mbarara mjini ukielekea mashariki hadi Ziwa Mburo, na huko unakutana na mlolongo wa maziwa na mabwawa ya mafunjo: Mburo, Kachera, Nakivale, Kijanebalola. Mwaka 2006 ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliingia katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa. Upande wa Mburo, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1983, boti za injini huwachukua wageni kutoka Rwonyo kwenda kutazama viboko, mamba na furukombe, kisha kuwarudisha baada ya kama saa mbili. Upande wa Nakivale, wilayani Isingiro, mitumbwi mingi bado inaendeshwa kwa makasia, na ziwa ni la wavuvi na la watu wanaotegemea maji yake ya kunywa.

Lakini kandokando ya ziwa hilo pana makazi ya wakimbizi yanayopokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, na ndani yake wanaishi watu waliokulia kwenye maji makubwa. Wapo wa Baraka, Uvira na Kalemie, pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Wapo wa Minova na Idjwi kwenye Ziwa Kivu, na wa Rumonge, upande wa Burundi wa Tanganyika. Petroli wengine wanaiita esansi, injini wanaiita motere, na ukiwakuta jioni wakizungumza mambo ya boti utasikia elimu iliyotoka mbali pamoja nao bila kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Ziwa lililo mbele yao halihitaji injini ya farasi 40. Elimu yenyewe wanayo, kamili, na inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Kiini chake ni hiki: boti hujibu kwa kuchelewa. Ukiigeuza, omo, yaani pua ya boti, inakawia kufuata. Ukiiondolea mwendo, inaendelea kwenda. Ukimwaga petroli, hatari yake haikurukii papo hapo, bali hujikusanya chini ya mbao na kukaa huko hadi cheche itakapotokea. Kwa hiyo kazi nzima ya nahodha, kuanzia kwenye jerikani hadi kwenye gati, ni kujua jibu litakuja lini na kulingoja bila pupa. Mikono yenye nguvu ni mingi ziwani. Mkono unaojua kungoja hufundishwa, tena kwa miaka.

Tuanze na mafuta. Petroli ya boti mara nyingi inaanza safari yake kituoni mjini, ndani ya jerikani. Anayeijua kazi haijazi jerikani ikiwa juu ya pikipiki au nyuma ya gari. Anaiteremsha, anaiweka chini, na anahakikisha mdomo wa chuma wa pampu unagusa mdomo wa chombo muda wote mafuta yanapotiririka. Sababu ni umeme tuli. Petroli inayopita kwa kasi huzalisha chaji, na plastiki iliyokaa juu ya zulia la gari haina pa kuipeleka. Ardhi inaipokea. Ndiyo maana pia anamwomba mhudumu ajaze taratibu, hata kama foleni nyuma inanung'unika.

Wala hajazi hadi juu. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 1 kila joto linapopanda nyuzi 10. Tangi la lita 25 lililojazwa alfajiri, mafuta yakiwa na nyuzi 15, likiachwa juani hadi mafuta yafike nyuzi 35, litahitaji nafasi ya nusu lita ya ziada. Nafasi hiyo ikikosekana, mafuta yatajitafutia njia, na njia yenyewe ni kwenye sakafu ya boti, chini ya miguu ya watu. Jua la mchana halijawaka bado, lakini nahodha ameshalipimia mahali pake asubuhi.

Kisha kuna suala la jerikani yenyewe. Huku kwetu jerikani ya manjano ya lita 20 inafanya kila kazi. Imekuja na mafuta ya kupikia, sasa inachota maji bombani, kesho inabeba pombe ya ndizi. Nahodha makini hairuhusu ya petroli ichanganyike na hizo. Anaipiga alama ya rangi isiyofutika, anaifungia kizibo kinachokaza, na anaiweka kivulini mbali na jiko na mikono ya watoto. Ni jambo dogo, na ndilo linalozuia mtoto mwenye kiu asinywe sumu, au mama asimimine moto juu ya moto.

Jerikani ikifika ufukweni haimiminwi mara moja. Inaachwa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli na hayachanganyiki nayo, kwa hiyo kama kuna maji yaliyoingia njiani, yatazama chini yenyewe. Baada ya kungoja, nahodha anamimina polepole kupitia faneli yenye chujio laini, na sehemu ya mwisho iliyobaki chini haiingizi tangini. Asiyejua ataona ni ubadhirifu. Anayejua ameshawahi kuona injini ikikohoa na kuzimika katikati ya ziwa, upepo ukiwa unapanda, kwa ajili ya maji yasiyojaza hata kikombe.

Injini za mipigo miwili, ambazo bado ni nyingi kwenye maziwa yetu, kwa kawaida hazina tangi lake la oili. Oili huchanganywa na petroli, na kipimo kinachoandikwa kwa injini nyingi ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Lita 25 zinahitaji nusu lita. Oili ikipungua, pistoni inasuguana chuma kwa chuma na kukwama. Ikizidi, plagi inajaa masizi na injini inatoa moshi. Fundi hakisii kwa jicho. Anapima kwa chombo chenye mistari, anatia oili kwanza na petroli kidogo, anafunga, anatikisa hadi rangi iwe moja, ndipo anaongeza petroli iliyobaki na kutikisa tena. Akitia oili mwishoni inaweza kulala chini, injini ikanywa oili tupu mwanzo na petroli kavu baadaye. Hapo tena kosa la asubuhi litadai malipo adhuhuri.

Lakini heshima kubwa kuliko zote ni ile inayopewa mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Huku kwetu, basi, hakuna saa ambayo haiko tayari kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukapotea. Unashuka, unaingia chini ya mbao za sakafu, unakaa tumboni mwa boti ambako upepo haufiki. Ndiyo sababu tangi linajazwa nchi kavu. Kama tangi limejengwa ndani ya boti na haliwezi kutoka, basi watu wote wanashuka, injini inazimwa na kuachwa ipoe, sigara inazimwa, simu inabaki mfukoni, na jiko la mkaa linakuwa mbali kabisa. Tone likidondoka linafutwa kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kinatolewa nje ya boti. Baadaye nahodha anaacha hewa ipite. Anainama, anaweka pua karibu na sakafu, ananusa. Harufu ikiwepo, anaendelea kungoja. Mtu mzima aliyeinama kunusa sakafu ya boti huku abiria wakitazama saa zao anafanya sehemu ya kazi yake ambayo haina mbadala.

Swali la mwisho la mafuta ni kiasi. Mabaharia wengi duniani wanashika kanuni ya theluthi: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura. Theluthi hiyo ya tatu inamuuma mtu mfukoni, kwa sababu ni pesa iliyokaa bure. Lakini kurudi huwa hakufanani na kwenda. Upepo unaweza kugeuka, mzigo unaweza kuongezeka, mtu anaweza kuhitaji kuokolewa upande usio njiani. Nahodha anaibeba theluthi hiyo kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee, naye anafurahi kurudi nayo ikiwa nzima.

Sasa ndipo anaigeukia injini. Anashika skrubu zinazoibana kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, na kuzikaza, kwa maana injini hutetema na kujilegeza kidogo kidogo. Anatazama mnyororo au kamba ya akiba inayoifunga isizame ikichomoka. Anapapasa panga la injini kwa vidole, akitafuta mkunjo, ufa au uzi wa wavu uliojisokota. Anahesabu majaketi ya kujiokolea, moja kwa kila mtu. Makasia yapo? Kopo la kukumbia maji lipo? Nanga na kamba yake je? Kizibo cha shimo la kutolea maji kimefungwa? Kila kitu anakishika kwa mkono, kwa sababu jicho lililozoea boti huona hata kisichokuwepo.

Kuwasha nako kuna mpangilio wake. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi inafunguliwa, la sivyo mafuta yatanyonywa hadi tangi lishindwe kutoa. Mpira unachomekwa, mshale ulioandikwa kwenye pampu ya mpira ukielekea injini, na pampu inabanwa hadi iwe ngumu kiganjani. Gia iko huru. Mkono wa usukani umenyooka. Choki inavutwa kama injini ni baridi. Anatazama nyuma asije akampiga mtu kwa kiwiko. Kamba anaivuta kwanza taratibu hadi ahisi ugumu, kisha anaivuta kwa nguvu moja iliyokamilika. Anayeivuta kwa papara atachoka, na pengine ataikata.

Injini ikishika, macho yake yanakwenda mahali pamoja: kijitundu kinachotoa mchirizi wa maji pembeni mwa injini. Mchirizi huo ndio habari ya moyo wa mashine. Maji ya ziwa yananyonywa, yanazunguka ndani kupoza chuma, na kiasi fulani hutoka hapo ili mtu aone. Mchirizi ukiwa na nguvu, mambo ni mazuri. Ukififia, tope au jani limeziba njia, na injini ina dakika chache tu kabla ya kuungua. Kwenye maziwa ya kina kifupi yenye mafunjo kama Nakivale na Mburo, nahodha hauondoi macho mchirizi huo safari nzima. Halafu anaiacha injini ipate joto. Abiria wanafikiri ameshawasha, mbona haendi? Anangoja mlio ubadilike, utoke kwenye kukohoa ufike kwenye kuimba.

Injini ya kuning'iniza tezini imeenea duniani kwa zaidi ya miaka 100. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Wisconsin nchini Marekani, alianza kuziuza mwaka 1909, na Yamaha, jina linalojulikana sana kwenye maziwa yetu, ilitoa injini yake ya kwanza ya boti mwaka 1960. Ubunifu mkubwa wa injini hii uko kwenye usukani. Injini yenyewe ndiyo usukani. Hakuna ubao nyuma unaokata maji. Panga lenyewe hugeuzwa na kusukuma maji upande unaotakiwa. Kutokana na hilo inazaliwa kanuni ambayo mwanafunzi huichelewa: bila msukumo hakuna kugeuka. Anayeona hatari mbele akapunguza mwendo kabisa, amejinyang'anya usukani saa anapouhitaji. Nahodha mzoefu hupunguza mapema, akiwa bado mbali, ili abaki na msukumo mdogo wa kugeuzia.

Kanuni ya pili ni kwamba boti husukumwa kutoka nyuma. Aliyewahi kusukuma toroli lililojaa matoke kwenye njia za Isingiro anaijua hali hiyo mikononi: ukitaka pua iende kulia, unapeleka mikono kushoto. Mkono wa injini ukisukumwa kushoto, omo inakwenda kulia. Lakini kabla omo haijakwenda kulia, tezi imeshapepesuka kwenda kushoto, na hapo ndipo wanafunzi wengi hugonga gati. Wanatazama mbele wanakokwenda na kusahau kwamba nyuma ndiko kunakohama zaidi. Nahodha anayeondoka ufukweni haanzi kwa kukata kona. Anaisogeza boti mbele taratibu hadi tezi ipate nafasi, ndipo anaigeuza.

Mtazame akigeuza. Mkono unasogea kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, halafu unatulia. Omo bado haijajibu. Mwanafunzi angeongeza, kisha jibu lingekuja lote kwa pamoja, angeshtuka na kurudisha kwa nguvu upande wa pili, na boti ingeanza kwenda mrama kwa kosa la mkono na si la mawimbi. Nahodha haongezi. Anangoja, na omo inapoanza kufuata, anaurudisha mkono katikati kabla kona haijakamilika, kwa sababu kuacha kugeuka nako huchelewa. Nyuma yake mkondo wa maji unabaki umenyooka. Ukitaka kumpima mshika usukani, tazama mstari anaouacha majini.

Kwenye kifundo cha mkono wake, au kwenye jaketi lake, kuna kamba fupi ya rangi nyekundu iliyofungwa kwenye swichi ya injini. Akianguka majini, kamba inachomoka na injini inazimika. Boti isiyo na mtu mara nyingi hugeuka yenyewe kwa nguvu ya mzunguko wa panga na kuzunguka duara, ikimrudia aliyeanguka. Baadhi ya vijana huiona kamba hiyo ni ya waoga na huibana pale pale kwenye swichi. Wakongwe wa Tanganyika huivaa hata kwa safari ya kuvuka ghuba tu.

Maji mafupi yana adabu zake. Majani yakijisokota kwenye panga, mwendo unapunguzwa na gia ya nyuma inajaribiwa ili yajifungue. Yakikataa, injini inazimwa kabisa kabla ya kuinuliwa na mkono kuingia. Viboko mchana hupumzika kwenye maji mafupi karibu na mafunjo, na wakishtuka hukimbilia kina. Kwa hiyo nahodha hapiti kati ya kiboko na kina. Anazunguka kwa mbali, akiuacha mlio wa injini usikike kwa kiwango kile kile, usiopanda ghafla wala kukata ghafla, ili mnyama ajue chombo kiko wapi na kinakwenda wapi. Hapa pia kungoja ni ufundi: kiboko akizama, boti haisogei hadi ajulikane ameibukia wapi.

Kisha kuna kufika, na kufika ndiko kunakodai zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa karibu na gati la Ukara kwenye Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka Ziwa Kivu karibu na Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka nchi kavu. Na watu wa Nakivale wanaikumbuka kwa uchungu tarehe 22 Machi 2014, pale wakimbizi Wakongomani waliokuwa wakirudi kwao kutoka makazi ya Kyangwali walipozama Ziwa Albert, zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Vyombo hivyo vilikuwa vimejazwa kupita kiasi, na usukani hauwezi kuiponya boti ya namna hiyo. Ustadi wa nahodha hapo ni kukataa, na kukataa kunafanyika ufukweni, kabla kamba haijafunguliwa, mbele ya watu wenye haraka na pesa mkononi.

Anapokaribia gati, anatafuta upepo na kuuelekea, kwa kuwa upepo wa mbele humsaidia kama breki. Anapunguza taratibu, maana boti ikisimama ghafla wimbi lake lenyewe huifuata na kumwagika juu ya tezi. Mita za mwisho anaweka gia huru na kuiacha boti iteleze, akiongeza msukumo mfupi tu pale omo inapotaka kupotea. Na anasema kwa sauti inayosikika na wote: kaeni, kamba haijafungwa. Watu huinuka wanapoona nchi kavu, wote upande mmoja, na uzito ulio juu huhama haraka kuliko chombo kinavyoweza kujirekebisha.

Elimu hii inafaa ifundishwe Nakivale kwa makusudi, na wanaoijua wapo. Kijana anaweza kujifunza uwiano wa 50 kwa 1, mshale wa pampu na skrubu ya hewa bila hata ziwa kubwa. Anahitaji injini moja iliyofungwa kwenye pipa la maji na mzee aliye tayari kumkatiza anapoharakisha. Ukiwa abiria nawe una sehemu yako. Nahodha akikushusha ili ajaze tangi, shuka. Akinusa sakafu, mwache anuse. Akikupa jaketi, livae na ulifunge. Akikataa mtu wa ziada, hata kama mtu huyo ni ndugu yako, simama upande wake. Na akisema kaa mpaka kamba ifungwe, kaa, kwa sababu yeye tangu alfajiri amekuwa akingoja kwa ajili yako.